Baba amefika getini, mtoto kashikwa na nani?

Ni saa 12:40 jioni, Mbweni. Honi inapigwa mara mbili nje ya geti. Ndani, dada wa kazi anaacha sufuria jikoni, anafuta mikono kwenye khanga na kukimbilia komeo. Nyuma yake anatoka mtoto wa miaka miwili, kandambili mguu mmoja, anaimba "baba, baba, baba".

Nyumba nyingi za upande wetu, kuanzia Tegeta hadi Bunju, jioni huwa hivyo. Nami nilikuwa naiona kama furaha tu ya mwisho wa siku, mpaka Jumamosi moja mwaka jana nikiwa nimekaa barazani kwa dada yangu, nakunywa chai.

Shemeji aliingiza gari, Noah ya miaka mingi. Ua wao si mdogo, lakini simtanki limekaa kona moja na banda la kuku kona nyingine, kwa hiyo ukishaingia lazima upige rivasi kidogo ili kuliweka gari sawa karibu na ukuta. Dada wa kazi alikuwa bado anahangaika na geti, maana lile geti la kusukuma hukwama kwenye reli yake likijaa mchanga. Mtoto alikuwa amepita ubavuni mwa gari kufuata mpira wake. Hakuna aliyemwona akipita. Mimi nilikuwa naangalia simu.

Kilichotusimamisha ni yowe la dada wa kazi. Tairi la nyuma lilikuwa limepita juu ya mguu wa kushoto wa mtoto. Kama angekuwa amesimama nusu hatua upande wa kulia, leo nisingekuwa naandika makala hii, au ningeandika nyingine kabisa.

Mifupa miwili ya mguu ilivunjika. Alikaa na plasta wiki sita, sasa anakimbia. Shemeji usiku ule alirudia neno moja tu pale kwenye benchi la hospitali: "Sikumwona." Wala hakuwa akijitetea. Alikuwa anashangaa, kwa sababu alikuwa ameangalia vioo vyote viwili vya pembeni, alikuwa anakwenda polepole, hakuwa amekunywa, hakuwa kwenye simu. Alikuwa kwake.

Ninaandika habari za afya. Nimeandika sana kuhusu malaria, lishe, chanjo, na ajali za bodaboda ndiyo usiseme. Sikuwahi kuandika hata mstari mmoja kuhusu mtoto kukanyagwa na gari la nyumbani kwao. Nilipoanza kuuliza majirani, wenzangu kazini na mama wa saluni, nilishangaa ni wangapi waliokuwa na kisa chao, au cha ndugu yao, ambacho walikuwa hawajamwambia mtu. Watu wanakieleza kwa sauti ya chini. Familia inakuwa na msiba na mkosaji ndani ya nyumba moja, na mara nyingi ni baba, mjomba au babu. Nani atakwenda kulisema hilo gazetini?

Mikono miwili, kazi mbili

Baada ya siku ile, lawama zilianza kumwelekea dada wa kazi. Watu wa nyumbani walisema alitakiwa amwangalie mtoto. Nilitaka kukubali, halafu nikakumbuka nilichokiona kwa macho yangu: honi ilipigwa, akaitwa. Katika nyumba zetu nyingi anayefungua geti ndiye huyo huyo anayelea mtoto. Kwa hiyo dakika ambayo gari linaingia au kutoka, yaani dakika ya hatari kuliko zote katika ua, ndiyo dakika ambayo mtoto hana mtu. Hatukupanga hivyo, ila tumezoea hivyo.

Na mtoto naye hakai kusubiri. Mtoto wa miaka miwili akisikia honi ya baba anakwenda kwa baba. Hana habari ya gia wala tairi. Kwake gari ni kitu kinachomleta baba na mkate, na kwa kuwa yeye analiona gari lote, anaamini gari nalo linamwona.

Asubuhi ni hivyo hivyo kwa upande wa pili. Mama anachelewa, anawahi foleni ya Barabara ya Bagamoyo kabla haijafika Tegeta, anambusu mtoto mlangoni, anaingia garini. Kwenye akili yake mtoto yuko mlangoni, kwa sababu ndipo alipomwacha. Lakini sekunde thelathini za kufunga mkanda, kutafuta chaji ya simu na kuwasha injini zinamtosha mtoto kutoka mlangoni hadi nyuma ya buti kwenda kupunga mkono kwa mara ya mwisho.

Ndoo nyuma ya Noah

Wiki mbili baada ya ajali nilirudi kwa dada na ndoo ya plastiki ya lita ishirini. Nilitaka kujua shemeji aliona nini. Nilimweka ndugu yangu kwenye kiti cha dereva, nikaiweka ndoo nyuma ya bampa, kisha nikawa naivuta kwenda nyuma hatua moja moja huku nikimuuliza, "Unaiona?" Hapana. "Sasa?" Hapana. Nilifika hatua ya tano ndipo akasema anaona kitu cha bluu kwa juu juu kupitia kioo cha nyuma.

Ndoo ile ina kimo cha mtoto aliyechuchumaa kuokota mpira. Mtoto wa miaka miwili akisimama wima ana wastani wa sentimita 86 au 87, na ukingo wa chini wa dirisha la nyuma la magari mengi tunayoendesha hapa uko juu ya hapo. Kwenye Prado yenye tairi la akiba mgongoni, hali ni mbaya zaidi. Ukiongeza vioo vyeusi, viti vya nyuma vilivyojaa mizigo na jua la saa 12 jioni linalopiga usoni, unabaki unaendesha kwa imani.

Jambo moja lilinifurahisha. Magari haya yanayotoka Japani, mengi yana kioo kidogo cha duara juu ya dirisha la nyuma, kinachotazama chini, au kingine juu ya boneti upande wa kushoto. Vimewekwa ili dereva aone sehemu asiyoiona. Kwenye gari la shemeji kile cha nyuma kipo. Kilikuwa kimefunikwa na stika ya maombi. Pale pale tuliibandua tukaihamishia kwenye kioo cha pembeni cha nyuma, na hakuna aliyenuna.

Daktari wa watoto wa New York

Nilipotafuta kama wenzetu wa nchi nyingine wamewahi kulishughulikia jambo hili, nilikutana na sheria ya Marekani yenye jina la mtoto. Cameron Gulbransen alikuwa na miaka miwili. Mwaka 2002, nyumbani kwao Long Island, New York, baba yake alikuwa anarudisha gari nyuma usiku aliegeshe vizuri. Mtoto alikuwa ametoka nje bila kuonekana. Baba huyo, Greg Gulbransen, ni daktari wa watoto. Ni mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuwaambia wazazi namna ya kuwalinda watoto wao.

Hakukaa kimya. Yeye na wazazi wengine walipambana hadi mwaka 2008 Rais George W. Bush akasaini sheria iliyopewa jina la Cameron. Ilichukua miaka mingine kumi kutekelezwa: tangu Mei 1, 2018 kila gari jipya dogo linalouzwa Marekani lazima liwe na kamera ya nyuma. Japani nayo ilianza kulazimisha jambo hilo kwa aina mpya za magari mwaka 2022, kwa hiyo magari yaliyotumika yatakayotufikia bandarini miaka ijayo yatakuja nayo yenyewe.

Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilikadiria, wakati wa kutunga kanuni hiyo, kwamba watu 210 walikuwa wakifa kila mwaka nchini humo kwa kugongwa na gari dogo linalorudi nyuma, na wengine 15,000 kujeruhiwa. Karibu theluthi moja ya waliokufa walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Robo nyingine walikuwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, kwa hiyo bibi anayechambua mchele kwenye mkeka karibu na gari naye tumkumbuke.

Ila kilichonigusa zaidi ni kwamba kabla ya hapo hata wao walikuwa hawahesabu. Takwimu za ajali zilikuwa za barabarani, na njia ya kuingilia nyumbani si barabara. Sheria ile ililazimisha zikusanywe na takwimu za ajali za nje ya barabara. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba hakuna kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali hizo. Mtoto wetu wa uani yuko nje ya hesabu hiyo mara mbili: hajafika miaka mitano, na hakuwa barabarani.

Trafiki haishii getini tu

Hapa kwetu tuna Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973. Inatuwekea ukomo wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na wote tunajua trafiki wanapokaa kuuchunga. Lakini trafiki hakai kwenye maegesho ya supamaketi, ya kanisa, ya msikiti, ya ukumbi wa harusi wala ya shule binafsi. Kule ndani kuna mlinzi mwenye filimbi.

Nawapenda walinzi wetu. "Rudi, rudi, rudi, kata kulia, njoo, hapo hapo mzee!" Tatizo ni kwamba yule mlinzi anaangalia bampa yako na bampa ya jirani. Kazi aliyopewa ni gari lisikwaruzwe. Simama siku moja saa 9 alasiri kwenye shule yoyote yenye maegesho ndani, uangalie: mabasi ya shule yanageuza, wazazi wanaegesha popote, bajaji zinapenya katikati, na watoto wenye mabegi makubwa kuliko migongo yao wanapita kati ya gari na gari kwa sababu ndiyo njia fupi. Wakuu wa shule watanisamehe, lakini kuchora mshale mmoja chini, wa kuingilia na wa kutokea, hakuhitaji kikao cha bodi. Na basi la shule lisirudi nyuma kabisa wakati watoto wako uwanjani. Lisubiri waingie wote, au waondoke wote.

Kuhusu mwendo, nilipiga hesabu ndogo. Dereva anahitaji kama sekunde moja kuona kitu na kufikisha mguu kwenye breki. Kwenye kilomita 20 kwa saa, mwendo ambao wengi hapa tunauita polepole, gari linakuwa limeshakwenda zaidi ya mita tano na nusu kabla breki haijaguswa. Kwenye kilomita 5 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea, ni chini ya mita moja na nusu. Maegesho mengi nafasi kati ya mstari wa magari na njia ya waenda kwa miguu haifiki mita tano. Basi mwendo wa humo ndani ni wa mguu. Anayekupigia honi nyuma mwache apige.

Kuna na magari ya haibridi na ya umeme, ambayo siku hizi tunaanza kuyazoea Dar. Yakienda polepole hayana mlio. Ulaya tangu 2021 kila gari jipya la aina hiyo linalazimika kutoa sauti likiwa kwenye mwendo mdogo. Magari ya zamani tunayoagiza, mengine hayana. Kama lako ni la namna hiyo, mtoto wako hatalisikia likianza kusogea.

Jambo la bima pia lina utata wake. Bima ya lazima, ile ya mtu wa tatu, msingi wake ni matumizi ya gari barabarani. Uingereza ilibidi waandike upya sheria yao mwaka 2000 ili bima iguse na maegesho ya watu wengi, baada ya mahakama yao ya juu kuamua mwaka 1998 kwamba maegesho si barabara. Mkiwa mnakata bima mwaka huu, muulizeni wakala kwa maneno haya haya: ajali ikitokea ndani ya geti langu, na aliyeumia ni mtu wa nyumbani kwangu, mnalipa? Mwombe jibu la maandishi.

Ikitokea

Hii sehemu naomba uisome hata kama hutaki.

Ukisikia yowe, au ukihisi gari limepanda juu ya kitu, usisogeze gari mbele wala nyuma kwa kubahatisha. Simama, vuta handibreki, shuka uangalie. Madereva wengi kwa hofu hurudi walikotoka na kumpitia mtoto mara ya pili. Kama tairi limemlalia, mtu mmoja ainame na kumwelekeza dereva, au watu walinyanyue gari kwa pamoja.

Usimnyanyue mtoto kwa kumvuta mikono. Mlaze bapa kwenye kitu kigumu, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka, na mumbebe hivyo. Damu ikitoka, kandamiza kwa nguvu kwa kitambaa safi, usifungue fungue kuangalia. Mguu uliopinda usiunyooshe, na usimkande kwa maji ya moto. Usimpe uji, maji wala maziwa ya kumtuliza, kwa sababu huenda akahitaji kuingia chumba cha upasuaji.

Na hili ndilo linalowapoteza wengi: mtoto aliyepitiwa na tairi kifuani au tumboni anaweza kusimama, kulia kidogo na kurudi kucheza. Mbavu za mtoto ni laini, zinabonyea na kurudi bila kuvunjika, huku mapafu chini yake yakiwa yameumia. Ini na bandama zake hazijafunikwa vizuri na mbavu kama za mtu mzima, na zinaweza kuvuja damu kidogo kidogo kwa saa nyingi. Kwa hiyo hakuna "ngoja tuone kesho". Nenda kwenye kituo cha karibu chenye daktari na kipimo cha picha, wao ndio wakupe rufaa ya Mwananyamala au ya Muhimbili. Kutoka Mbweni hadi Muhimbili, na foleni ya Mwenge katikati, si safari ya kuanza nayo wakati mtoto anavuja damu.

Mwambie daktari ukweli. Nimesikia watu wanasema mtoto "ameanguka" ili kumsitiri baba. Daktari akijua ni tairi atatafuta majeraha ya tairi, akiambiwa ameanguka atatafuta mengine.

Kinachofanyika sasa kwa dada

Utaratibu wao mpya una hatua chache. Shemeji akipiga honi, geti halifunguliwi mpaka mtoto awe mkononi mwa mtu au ndani ya nyumba mlango umefungwa. Kama dada wa kazi yuko peke yake na mtoto, shemeji anashuka na kufungua geti mwenyewe. Mwanzoni alilalamika, hasa siku za mvua, maana pale nje huwa dimbwi. Siku hizi halalamiki.

Wanaegesha gari uso ukiangalia geti, ili asubuhi, saa ya haraka, wasirudi nyuma. Kabla ya kuwasha, dereva anazunguka gari zima kwa miguu, akiita jina la mtoto na kusubiri ajibiwe. Redio imezimwa na dirisha liko wazi. Funguo hazikai tena kwenye meza ya sebuleni ambapo mtoto alikuwa akizichezea, na hakuna kucheza ndani ya gari hata likiwa limezimwa, kwa sababu ukimzoesha kwamba gari ni mahali pa michezo utamwambiaje kesho kwamba sipo?

Walifunga na kamera, ya bei ya kawaida kutoka Kariakoo. Inasaidia. Ila kwa upepo huu wa bahari na vumbi la barabara zetu, lenzi inapata ukungu wa chumvi baada ya siku chache, isipofutwa unaona picha ya maziwa. Na haimwoni mtoto anayetokea ubavuni, ambako ndiko wetu alikotokea. Dada yangu anasema kamera imemfanya mumewe arudi kwenye tabia ya kukaa kwenye kiti, kwa hiyo wamekubaliana kwamba kuzunguka gari kuko pale pale.

Dada wa kazi bado yupo nao. Kulikuwa na mazungumzo ya kumrudisha kwao, nikasema nilichokiona pale barazani, pamoja na ile simu yangu mkononi, mazungumzo yakaisha.

Na kuna mstari mwekundu walioupaka kwenye peving, kutoka ukutani hadi ngazi za baraza. Mtoto anajua kwamba honi ikilia yeye ni wa upande wa ngazi. Siku nyingine anasahau, kwa hiyo hawautegemei mstari peke yake. Jua na chumvi vimeshaanza kuubandua. Shemeji amesema ataupaka tena mwisho wa mwezi.